Kauri ya Kumi na Saba

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijifichi, maana kila aliyekaa na mimi nyumba moja analijua hilo. Muuza samaki akiniambia samaki wa leo, namfunua huyo samaki mashavu kwanza. Fundi akiniambia nirudi kesho, namuuliza kesho ya nani. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikimtazama mkunga kwa jicho la pembeni, nami nikimjibu, sasa mtu humjui, anakuvuta kichwa, utamtazamaje? Watu wakicheka. Haya ninayoyaandika hayachekeshi, na yametokana na tabia hiyo hiyo.

Nimezaliwa Mji Mkongwe na nimekulia huko. Kwetu bahari ilikuwa kitu cha kwenda kutazama baada ya alasiri. Maji yakiwa juu, watoto wa kiume wanaruka pale ukutani Forodhani. Yakiwa chini, hawaruki. Elimu yangu yote ya kupwa na kujaa iliishia hapo. Mume wangu alipostaafu ualimu akasema anarudi kwao Chwaka, nikamfuata nimenuna. Tulipewa nyumba ndani ya uwanja mmoja na dada yake mkubwa, mjane, ambaye watoto wake wote wameshahamia mjini. Milango yetu ilitazamana. Nikipika, anajua ninapika nini, na mimi nikisikia kikohozi chake najua ameamka.

Wifi huyu ndiye aliyekuwa akishika maji. Ndivyo wanavyosema pale mtaani petu: fulani anashika maji, yaani ndiye anayeweka hesabu ya siku za mwezi na kuwaambia wanawake wa mwani kesho watoke saa ngapi. Alirithi kwa bibi yake. Vyombo vyake vilikuwa vifuu viwili vya nazi vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa, na kauri thelathini za baharini, zile ndogo za manjano. Vilikaa dirishani kwake chini ya kawa, kile kifuniko cha kusukwa. Siku akiuona mwezi umeandama, auone kwa macho yake, anazirudisha kauri zote kifuu cha kushoto, kisha anahamisha ya kwanza kulia. Tangu hapo, kila jioni akishasali Magharibi, kabla hajasema na mtu, anahamisha moja. Siku yetu inaanza jua likitua, kwa hiyo ukihesabu za kulia usiku huo umepata tarehe ya kesho asubuhi.

Na ukishajua tarehe ya mwezi, umeshayajua maji. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua, bahari inatoka mbali mpaka unajiuliza imekwenda wapi, na inakauka kabisa kiasi cha saa nne na nusu asubuhi. Kila siku moja ikiongezeka, maji yanachelewa karibu saa nzima kasoro kidogo. Ukifika mwezi saba au nane ni maji mafu, hayatoki sana wala hayajai sana, na wanawake wanakaa barazani kusuka ukili wa mikeka. Baada ya hapo yanaanza kupata nguvu tena. Wifi alinifundisha haya yote wiki yangu ya kwanza, akinipimia kwa vidole vyake, na akanikatia sehemu kwenye shamba lake la mwani ili nisikae bure nikigombana na kuku.

Mtu mwengine angeshukuru. Mimi nikajiuliza, kwa nini?

Maana tusidanganyane, wifi hakunitaka. Harusi yetu alikuja na kanga ya kushindia, na miaka yote niliyokaa mjini alikuja kwangu mara nne, mara zote akiwa na safari nyengine. Sasa ghafla ananipa kamba za mwani? Nikasema ngoja, kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaanza kuona mambo. Jambo la kwanza, jioni wanawake wakipita kuuliza saa za kesho, wote anawaambia saa moja, mathalani saa tatu. Wakishaondoka ananigeukia mimi: "Weye wifi toka mapema kidogo. Toka saa mbili na nusu." Kwa nini mimi? Nikitoka hiyo saa mbili na nusu nakuta maji yangali magotini, natembea peke yangu na viatu vya plastiki, nikiogopa miiba, huku wenzangu wangali nyumbani wanakunywa chai. Wananikuta nusu ya njia, wananipita, wananisalimia kwa kicheko. Nikaona hapa nachezewa. Naletwa majini kusimamishwa ili watu wapate la kuzungumza.

Jambo la pili lilikuwa mwezi wenyewe.

Mume wangu na dada yake hawaandamiwi na mwezi mmoja. Mume wangu anafunga na kufungua kwa habari ya redio: ukionekana popote duniani, kwake umeonekana. Dada yake anasema mwezi ni wa macho, na macho ni ya hapa. Kwa hiyo ndani ya uwanja wetu mmoja Ramadhani inaingia mara mbili na Idi inasaliwa mara mbili. Mwaka ule sisi tulikula biriani mlango umefungwa kwa adabu, naye upande wa pili amefunga. Kesho yake akatuletea mkate wa kumimina wa Idi yake, sisi tumeshavua nguo mpya. Walishazoea, hawagombani. Mimi ndiye niliyekaa nikapiga hesabu: kama mwezi wake uko nyuma siku moja, basi na maji yake yako nyuma siku moja. Ndiyo maana tunatoka mapema. Ndiyo maana nasimama majini!

Nikatafuta ushahidi. Ukutani kwangu ipo kalenda ya duka moja la vitambaa mjini, Mhindi mwenye duka hunipa kila mwaka, ina tarehe za kizungu na za kiislamu. Kalenda ilikubaliana na mume wangu. Mashahidi wawili, kama kwenye ndoa. Simu yangu nayo niliitazama, lakini ilitaja saa ambazo hazikuwa za huyu wala za yule, na nilipomwonyesha wifi aliisogeza mbali na uso wake akasema, "Hayo maji ya bandarini mjini. Huku ghubani maji yanachelewa kufika." Nikaona anaikimbia simu.

Siku moja, mfungo mosi huo huo, mwezi wa Idi, nikamjaribu. Nikatoka kwa mwezi wa mume wangu, karibu saa nzima nyuma ya wenzangu. Nikavuka ule mkondo uliopo kati ya pwani na fungu la mchanga lenye mashamba yetu, nikavuka miguu mikavu! Nikasema nimemkamata. Kwamba siku ile nilifunga kamba tano tu, na wenzangu walikuwa wameshamaliza kumi na tano, hilo sikulitia kwenye hesabu.

Jioni nikalisema barazani mbele ya wanawake. Nilisema kwa upole, au mimi niliona ni upole. "Wifi, hivi kauri zako haziko nyuma siku moja? Maana dunia nzima leo ni mwezi tatu."

Akanitazama, akaendelea na ukili wake. "Mwezi wa redio haukaushi bahari, wifi."

Loo! Walicheka mpaka mmoja akaangusha ukili wake. Nikacheka na mimi, meno tu. Usiku ule sikulala vizuri kwa hasira, na mume wangu aliponiuliza nina nini nikamwambia tumbo.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Mwezi kumi na mbili kwa hesabu yake, maji yangali madogo, hakuna aliyekuwa akienda pwani, tukapata msiba nyumba ya jirani. Siku tatu mtaa mzima tulikuwa kule, tunapika, tunasoma, tunalia. Masika yalikuwa yameshaanza, mbingu imefungwa tangu asubuhi mpaka jioni, mwezi hauonekani. Siku ya kwanza, baada ya adhuhuri, wifi akanivuta pembeni akanipa ufunguo wake. "Nenda kwangu kaniletee msala na ile kanga nyeusi, iko juu ya sanduku."

Ufunguo alinipa yeye mwenyewe, mkononi.

Nikaingia. Nikachukua msala, nikachukua kanga. Nikaona kawa dirishani. Nikalifunua. Za kulia nikazihesabu, kumi na mbili. Wallahi nilijiambia ninasahihisha. Nilijiambia nawasaidia wanawake wote wa mtaa wasisimame majini kwa ukaidi wa bibi mmoja, na bahari ikimsadiki mume wangu, wifi atanyamaza. Nikachukua kauri moja kutoka kushoto nikaitia kulia. Ilitoa sauti ndogo. Nikalirudisha kawa kama lilivyokuwa, upande wa mshono ukutani, nikafunga mlango, nikarudi msibani nikaendelea kuchambua mchele.

Magharibi akaja kwake kusali, akahamisha yake, akarudi. Hakuona kitu. Angeonaje? Yeye hakuwa akiweka tarehe kichwani. Vifuu viliwekwa ili kichwa kipumzike.

Msiba ukaisha, watu wakapumzika siku nyengine, kisha jioni moja wanawake wakapita kuuliza. Kauri za kulia zilikuwa kumi na saba. "Bahari inakauka saa sita," wifi akasema. "Tutoke saa nne. Kurudi, mkondo tuuvuke saa nane kasorobo, isizidi." Akanigeukia. "Weye toka saa tatu na nusu." Nikasema ndiyo, bibi wee, nikijua kwamba kwa mara ya kwanza saa ni zangu.

Asubuhi tulipoteremka pwani mmoja akasema, "Mbona maji leo yametoka yote?" Wifi akasimama akatazama kwa muda. "Bamvua kubwa hilo," akasema, tukaenda. Mimi nilikuwa nimeinua kichwa. Mchanga mkavu, kila mtu anatembea kama barabarani, hakuna aliyelowa juu ya kifundo. Nikajisemea, unaona?

Ilikuwa mwezi kumi na sita. Bahari ilikauka saa tano na robo, sisi tukingojea saa sita.

Mashamba yetu yako juu kidogo, kwenye fungu. Watu wa mjini tunadhani maji yakijaa yatakuja mbele yetu tukiyaona, kama mgeni anayekuja njiani. Siyo. Yanaingia kwenye mkondo kwanza, nyuma ya mgongo wako, na wewe umeinama unafunga mwani, mbele yako kukavu. Kimvua chembamba kilikuwa kinanyesha. Mmoja aliinua kichwa akasema tuondoke, mwengine akamjibu bado, bibi kasema saa nane kasorobo, na wifi mwenyewe akatazama saa yake ya mkononi akasema bado. Walimwamini kuliko walivyoamini macho yao. Naye aliamini vifuu.

Tulipofika mkondoni ulikuwa umeshakuwa mto.

Wanawake vijana walivuka kwanza, maji vifuani, wamebeba mifuko kichwani. Mmoja aliponyokwa na mfuko wake ukaenda. Kukawa na makelele, mtu anamwita mama yake. Mimi sijui kuogelea. Mtoto wa mjini, niliyeishi hatua mia mbili kutoka baharini maisha yangu yote, sijui kuogelea. Nikasimama ukingoni nikasema siendi, nitangoja hapa. "Utangoja wapi?" wifi akasema. "Hapa pia patafunikwa." Akatupa mfuko wake wa mwani, kazi ya siku nzima, akautupa tu, akanishika kifundo cha mkono. Yeye mwenyewe magoti yake mabovu, kupanda ngazi mbili tu anasema bismillahi. "Nitazame mie," akaniambia. "Usiyatazame maji. Nitazame mie usoni."

Nikamtazama usoni. Maji yalinifika shingoni, yeye mfupi yalimfika kidevuni, na kila wimbi lilipopita alifumba mdomo akafumba macho, kisha akafumbua na kunitafuta tena. Katikati alipoteza miguu. Hakuniachia. Tungekwenda zetu wote wawili kama si mvuvi mmoja aliyekuwa akirudi na ngalawa, aliyesikia kelele akaja akatuvuta kwa nguo. Wifi alitapika maji ya chumvi mpaka nikadhani roho inatoka. Tulipofika pwani, jambo la kwanza alilosema ni, "Wote wapo? Nihesabieni."

Wote walikuwapo. Alhamdulillahi, hakufa mtu.

Siku ile hakupumzika. Nilimwona dirishani kwake, kabla ya Magharibi, kawa liko chini, anazihesabu kauri kidole kwa kidole. Anamaliza, anaanza tena. Kesho yake mbingu ikafunuka, mwezi ukatoka, akasimama uwanjani akiutazama mpaka akaridhika. Macho yake yalimwambia jambo moja na vifuu vikamwambia jengine. Akaja akakaa barazani kwangu akasema, "Nimehamisha mara mbili siku moja, wifi. Ile siku ya msiba, nadhani. Nimesali, nimehamisha, nikasahau, nikahamisha tena."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Mdomo wangu ulikuwa hapo hapo.

Nikasema, "Uchovu huo."

Mnielewe, mama yake aliondoka duniani hawajui watoto wake. Miaka mitatu wifi alimlisha kwa kijiko mama aliyekuwa akimwita "mpishi". Kuogopa kufa hakuogopi, kuogopa hilo anaogopa. Sasa akaanza kujichunguza. Akiweka chumvi kwenye mchuzi, ananiita nionje kwa sababu hakumbuki kama ameshatia. Akimaliza kusali ananiuliza, "Nimesali rakaa ngapi, umeniona?" Mtu ambaye kabla ya hapo hakuwahi kumuuliza mtu kitu! Wanawake hawakumlaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Walisema masikini, utu uzima, wakaanza kuulizana saa wao kwa wao, jioni hawasimami tena mlangoni kwake. Wanapita, wanamsalimia, "Shikamoo bi mkubwa," wanakwenda zao. Na binti yake akapiga simu kutoka mjini: mama asikae peke yake tena, nakuja kumchukua mwezi ukiandama, nyumba tutaifunga.

Yeye hakutaka kwenda. Alisema waziwazi, "Huko nitakaa ghorofani nitazame nini?" Lakini hakubisha, kwa sababu mtu asiyeamini akili yake atabisha kwa kitu gani?

Mnajua mimi nilifanya nini wiki zile? Nilimshuku. Naona haya kuandika lakini ndiyo kweli. Nilisema huyu anajua. Huyu anajifanya kusahau ili aniangalie nitasema au sitasema, ananipa kamba nijinyonge. Akiniuliza habari ya chumvi, mimi natafuta mtego ndani ya swali. Nilikaa nikichunga maneno yangu, na kila nilipoamua kusema nikasema ngoja kwanza kesho. Mume wangu sikumwambia. Ningemwambia, angejua ameoa nani.

Mwezi ukaandama. Binti akasema atafika kesho yake asubuhi. Jioni ile wifi aliniita kwake, akanikalisha kitandani, akaleta vifuu viwili amevifunga ndani ya ile kanga nyeusi.

"Shika weye," akasema. "Wale vijana wana haraka, hawatahamisha kila siku. Weye una wasiwasi, hutasahau. Mtu wa kushika maji awe na wasiwasi." Akanipapasa mkono. "Na yule asiyejua kutembea majini, mwambie atoke mapema kidogo, kama nilivyokuwa nikikwambia weye. Usimwambie mbele ya watu, ataona haya."

Sikuweza tena. Nilianza kulia kabla sijasema, kisha nikasema yote: ufunguo, msala, kanga, kawa, kauri moja kutoka kushoto kwenda kulia. Nilimwambia hukusahau kitu, wifi, akili yako nzima, ni mimi. Nilimwambia kwa nini. Nilimwambia hata mwezi wa redio, na kicheko cha barazani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa na upole ambao sijawahi kuuona kwa mtu.

"Mwenyezi Mungu akulipe," akasema. "Nimekuelewa. Lakini usijitie dhambi isiyokuwa yako kwa ajili ya kunifariji mie."

"Sikufariji! Wallahi ni mimi!"

"Usiape, usiape." Alikuwa anatabasamu, machozi yanamtoka. "Mie nilikudhania vibaya zamani, wifi, nisamehe. Nilisema huyu wa mjini hana moyo. Kumbe."

"Wifi, nisikilize. Nilihamisha mimi, kwa mkono huu."

Akatikisa kichwa. "Basi niambie," akasema taratibu, kama mtu anayemsahihisha mtoto asimuumize. "Ungekuwa ni weye, ungekaa siku zote hizi unaniangalia nikiharibika, na neno moja tu la kunitoa unalo mdomoni? Unanionjea chumvi, unanihesabia rakaa, na umenyamaza? Mtu gani huyo? Sijamwona mtu wa namna hiyo, na weye siye."

Maisha yangu yote nimeomba watu mashahidi, na pale sikuwa na shahidi hata mmoja.

Asubuhi binti yake alikuja na gari. Mimi nilibeba mizigo. Alipita kila chumba akagusa kuta, akafunga mlango mwenyewe, ufunguo akanipa mimi.

Sasa anakaa mjini, si mbali na nilikozaliwa, ghorofa ya tatu. Binti yake anasema amenyamaza sana, na anauliza mambo mara mbili mbili. Nimeshamwambia na binti pia, kwa simu, yote. Akanishukuru. Akasema mama alimwambia kuwa nitasema hivyo.

Huku wanawake wanasimama mlangoni kwangu mimi jioni. Nawatajia saa, na hawajawahi kulowa zaidi ya magoti. Magharibi nikishasali nahamisha kauri yangu, nazihesabu mara tatu, nafunika kawa na kufunga mlango kwa ufunguo. Kisha simu inalia, kila siku, wakati huo huo, na leo pia.

"Wifi," ananiuliza, "leo mwezi ngapi?"

"Kumi na saba."

"Hakika?"

"Hakika."

"Haya. Mie nimehesabu kumi na sita hapa kichwani, lakini nakuamini weye."

Namuuliza umeuona mwezi, anasema dirisha lake linatazama ukuta. Naenda kufunua kawa, nazihesabu upya, kidole kwa kidole, simu iko sikioni na yeye ananisubiri. Ni kumi na sita.

"Ni kumi na sita, wifi," namwambia. "Umepata wewe. Nimekosea mimi."

Anacheka kidogo kule kwenye simu. "Ahsante," anasema. "Ahsante kwa kunifariji."